Mjadala: Binti akijithamini, ndiyo ataridhika na maisha?

Wakuu, semina za mabinti siku hizi zina wimbo mmoja: jithamini, mengine yatajipa. Mimi napinga. Mwaka 1995 wanasaikolojia Ed Diener na Marissa Diener walichapisha utafiti wa wanachuo wa nchi 31. Walikuta kujithamini kunaendana na kuridhika na maisha, lakini kwa nguvu zaidi kule ambako kila mtu anajihesabu peke yake, kama Marekani. Kwenye jamii za ukoo uhusiano huo ulilegea. Binti wa huku anaweza kujiona wa maana kabisa, ila kama mwezi umeisha hajamtumia mama chochote, usingizi hauji.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, unawapa fimbo wanaotaka mabinti wanyamaze. Nenda kitchen party yoyote hapa Dar. Somo anamwambia bibi harusi avumilie, ukumbi mzima vigelegele. Mwaka ukipita, muulize kama ameridhika. Atajibu ndiyo, maana kusema hapana ni kuwaaibisha kwao. Na dodoso litaandika ndiyo hiyo hiyo.

Mleta mada:
La dodoso nakubali. Lakini mwaka 2016 mtafiti Wiebke Bleidorn na wenzake walilinganisha nchi 48: wanaume walijithamini kuliko wanawake, na pengo lilikuwa kubwa zaidi nchi tajiri zenye usawa. Kwa hiyo hata huko haki zilipo, binti bado anajiona mdogo.

Mchangiaji wa pili:
Hao waliohojiwa nchi 48 walijibu kwa intaneti. Binti wa kijijini asiye na bando hayumo humo.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi nasuka nywele, mabinti wa chuo ndio wateja wangu. Anakuja na picha ya simu iliyopitishwa filta, anataka afanane nayo. Sawa, hilo la sura lipo, na mkorogo upo. Ila nikifika katikati ya kichwa ndipo maneno yanatoka: ada haijalipwa, ajira hakuna, shangazi kila msiba anauliza "unaolewa lini?" Sijasikia hata mmoja akilia kwamba hajipendi.

Mleta mada:
Ndiyo maana nasema, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake itamfaa kuliko semina.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkopo huo ni wa kikundi, mkuu. Siku ya kuandikisha majina, anayeona haya kunyoosha mkono ndiye anayeachwa nje.