Mjadala: Asilimia 80 za Putin zinapima nini hasa?

Mleta mada
Wakuu, kila tukigusa siasa za Urusi mtu anaweka namba mezani: Levada, kituo cha kura za maoni cha Moscow kisicho cha serikali, kinasema zaidi ya asilimia 80 wanaukubali utendaji wa Putin. Upande wa pili unajibu kwamba watu wanaogopa, namba hiyo ni takataka. Naona pande zote mbili zimefanya uvivu. Tuichambue.

Kisiki
Inapima woga, mkuu. Tangu Machi 2022 kuna kifungu cha 207.3 cha sheria ya jinai, "habari za uongo" kuhusu jeshi, na adhabu yake inafika miaka 15. Sasa mtu usiyemjua anabisha hodi na dodoso mkononi, na mlango wako tayari anaujua. Utamwambia nini? Levada yenyewe ilishabandikwa jina la "wakala wa kigeni" tangu 2016.

Takwimu Tupu
Kisiki, woga unapimika. Mwaka 2015 watafiti waligawa wahojiwa makundi kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipewa majina matatu, Stalin, Brezhnev na Yeltsin, likaulizwa: unawakubali *wangapi*? Usitaje nani. Kundi la pili lilipewa majina hayohayo pamoja na Putin. Unatoa wastani wa kundi moja kwenye mwingine, unapata waliomkubali Putin bila yeyote kulazimika kumtaja. Tofauti na swali la moja kwa moja haikuzidi pointi 10 hivi. Uungwaji mkono mwingi ulikuwa wa kweli.

Kisiki
2015! Crimea ilikuwa imechukuliwa mwaka mmoja tu nyuma na kifungu cha 207.3 hakikuwepo. Leta cha baada ya vita vya Ukraine kuanza.

Takwimu Tupu
Kipo. Jaribio la mtandaoni la 2022, mbinu ileile ya orodha, swali likiwa kuunga mkono vita: waliosema ndiyo waziwazi walikuwa asilimia 68, kwa orodha wakabaki 53. Kwa hiyo woga upo, pointi kama 15. Ila 53 bado ni zaidi ya nusu, ndugu yangu, na sampuli za mtandaoni huegemea vijana na watu wa mijini.

Bi Ramani
Mnang'ang'ania kimo cha namba, angalieni inavyotembea. Tarehe 14 Juni 2018, siku Kombe la Dunia linafunguliwa Moscow, serikali ilitangaza kupandisha umri wa kustaafu: wanaume kutoka 60 hadi 65, wanawake kutoka 55 hadi 63. Kukubalika kwa Putin, kulikokuwa karibu na 80, kukaporomoka hadi sitini na kitu. Mwezi Agosti akajitokeza kwenye televisheni akawapunguzia wanawake hadi 60, lakini kati ya Septemba na Novemba wagombea ugavana wa Kremlin walishindwa Khabarovsk, Vladimir na Khakassia, na matokeo ya Primorye yakafutwa. Septemba 2022, alipotangaza kuita watu 300,000 jeshini, Levada ilishuka kutoka 83 hadi 77. Kama kinachojibu ni woga mtupu, namba ingeshukaje hasa siku ambayo dola imekaza mkono?

Na msisahau mwisho wa Khabarovsk. Sergei Furgal, aliyembwaga mgombea wa Kremlin, alishinda ugavana kwa karibu asilimia 70. Julai 2020 akakamatwa kwa tuhuma za mauaji ya miaka ya nyuma, watu wakaandamana kwa wiki nyingi, na 2023 akahukumiwa miaka 22.

Mzee wa Sanduku
Mnahangaika na dodoso wakati kura yenyewe ipo. Uchaguzi wa rais wa Machi 2024 Putin alipata asilimia 87.28, waliojitokeza 77.49.

Takwimu Tupu
Mzee, shikamoo, lakini hapo anza na waliozuiwa. Mgombea wa chama kisicho bungeni anahitaji saini 100,000, zisizozidi 2,500 kutoka mkoa mmoja. Boris Nadezhdin, aliyepinga vita, alipeleka takriban 105,000. Tume ilikagua 60,000 na kukataa zaidi ya 9,000, yaani kama asilimia 15, na ukomo wa kasoro ni asilimia 5. Namba ya pasipoti ikisomeka vibaya, saini imekufa. Akaondolewa.

Kisha kituo kwa kituo. Sergei Shpilkin, mwanafizikia, alionyesha njia: panga vituo vyote kwa kiwango cha kujitokeza. Kura safi hukusanyika rundo moja, na fungu la mshindi halipandi kwa sababu tu waliojitokeza ni wengi. Urusi rundo hilo lina mkia mrefu unaofika asilimia 100, na mkiani kura zinazoongezeka ni za mshindi peke yake.

Mzee wa Sanduku
Marahaba. Lakini hata ukikata mkia huo, nani angemshinda?

Bi Ramani
Kwa wagombea wale, hakuna, nakubali. Ila mkia wenyewe sasa haukatiki vizuri. Mwaka 2024 mikoa 29 ilikuwa na kura ya mtandao, na kura hiyo haina kituo cha kulinganisha. Moscow, uchaguzi wa bunge wa 2021, wagombea wa upinzani walioongoza kwenye karatasi walipinduliwa kura za mtandao zilipojumlishwa. Wakenya waliozoea kuzifungua wenyewe Fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, wangeshangaa: tangu mwaka huohuo tovuti ya Tume ya Urusi huvuruga namba makusudi ili zisinakiliwe kwa kompyuta.

Mleta mada
Basi nisome namba ipi?

Bi Ramani
Swali la wazi: "Taja wanasiasa unaowaamini," bila kupewa jina. Julai 2020 Levada ilipata Putin asilimia 23 hapo, huku kukubalika kukiwa 60. Mei 2019 VTsIOM, kituo cha serikali, kilipata chini ya 32 kwa swali hilo. Kremlin ikaomba maelezo, VTsIOM ikaongeza swali linalomtaja Putin kwa jina, ikapata 72.3.

Kisiki
Hapo umemaliza kazi yangu.

Bi Ramani
Bado. Swali la wazi huwapunja wote, kwa kuwa wengi hawataji mtu yeyote. Isome 23 pamoja na aliyeshika nafasi ya pili, utakuta Putin bado ndiye anayeongoza.