Corolla 110 kwenye mbio za vumbi Novemba: joto hili nalikabili vipi?

Mwana wa Chiungutwa
Wakuu, habari za jioni. Hapa Masasi tunaandaa mbio za magari za ridhaa, sisi kwa sisi, kibali kinafuatiliwa ili njia ifungwe siku hiyo. Ni kipande cha vumbi upande wa Newala, na tarehe imeangukia Novemba kabla ya mvua. Jua la Novemba huku mnalijua.

Gari ni Corolla 110, injini 5A, gia za mkono. Nikipanda mlima taratibu geji ya moto inapanda, nikishika lami inarudi yenyewe. Fundi mmoja kaniambia nitoe themostati, ile vali ya maji ya injini. Mwingine anataka aniwekee rejeta ya gari kubwa. Msoma ramani ni mdogo wangu wa kike, hajawahi kukaa kiti hicho. Nisaidieni, bajeti yangu inasubiri malipo ya korosho.

Kiduku wa Shangani
Novemba kweli? Mmekosa Julai yenye baridi? Nimekaa hapa nasoma.

Fundi Mstaafu Mtwara
Kijana, themostati iache mahali pake. Injini inahitaji kufikia joto lake la kazi, na hiyo ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba vilevile.

Umeshajieleza mwenyewe: taratibu inapanda, kwa kasi inashuka. Maana yake ukiwa na kasi upepo wa barabarani unaipoza, ukienda polepole upepo hautoshi. Basi anza na feni. Washa gari likiwa limesimama, liache lipate moto, sikiliza feni inaingia saa ngapi na inazunguka kwa nguvu au inajikongoja. Kisha chungulia kati ya kondensa ya AC (kile kipoza gesi cha mbele) na rejeta. Magari ya huku yanayopita njia za mashamba hujaa mbegu za nyasi pale katikati, zimeshikamana na vumbi kama kiota cha ndege. Osha kwa maji ya bomba la kawaida ukitokea upande wa injini kwenda nje. Usipeleke kwenye mashine ya presha, italaza mapezi yote.

Halafu kifuniko cha rejeta. Watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100, na huko juu Newala hata kabla ya hapo. Kifuniko kizima kinachoshika presha kinasogeza mchemko hadi karibu na 120. Mpira wake ukichoka, hizo nyuzi umezipoteza. Nunua kipya, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), achana na maji ya kisima yenye chumvi. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama watu wanakupigia kelele.

Kitakachokutesa kuliko mlima ni mchanga. Utakuwa gia ya pili, injini inalia, gari linatambaa. Hapo ndipo utaijua feni yako. Na ukishamaliza kipande usizime papo hapo, iache isilensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu feni ikipuliza. Geji ikigusa nyekundu hiyo ni habari nyingine: simama, zima, la sivyo gasketi ya silinda hedi inaondoka.

Mafuta ya breki mwaga yote weka mapya. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yananyonya unyevu, na yakishanyonya yanaweza kuchemkia 155 tu. Yakichemka kwenye mteremko wa kutoka Newala, pedali itazama hadi chini.

Rejeta ya gari kubwa ni kupoteza hela bure. Safari Rally ilipoanza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, watu walikimbiza magari ya kawaida ya dukani. Corolla yako inatosha ikiwa nzima.

Nesi wa Lindi
Kaka, Fundi kamaliza gari, mimi niongelee watu. Gari lina geji, huyo mdogo wako hana. Ndani ya ovaroli na helmeti, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Anzeni kunywa maji tangu jana yake. Ndani ya gari wekeni ORS. Mkikosa pakiti, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Msikilize anavyosoma. Akianza kurudia kona iliyopita, kuchanganya kulia na kushoto, au kujibu hovyo, simamisha gari hata kama mnaongoza. Kivuli, mvue helmeti na ovaroli, mmwagie maji, mpepee, kisha hospitali. Usimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa.

Na ule uraka, pombe ya msimu wa mabibo, usiku wa kuamkia mbio hapana. Nawajua watu wa Masasi.

Mwana wa Chiungutwa
Shikamoo Fundi. Nimechungulia: mbegu za nyasi za kutosha kupanda ekari. Feni inaingia, ila inajikongoja kama ulivyosema. Dada Nesi, uraka nimekubali kwa shingo upande. Swali: nasikia ukiwasha hita injini inapoa, ni kweli?

Fundi Mstaafu Mtwara
Marahaba. Ni kweli, hita ni rejeta ndogo ya pili. Lakini moto wote unakuja miguuni kwenu, na umesoma alichoandika Nesi. Iwe ya kufikia mwisho wa kipande tu, vioo wazi. Kabla ya hapo peleka mota ya feni ikaangaliwe kaboni zinazoipelekea umeme, na waya wa ethi unaoshika bodi usuguliwe. Mtungi wa kuzimia moto unao?

Mwana wa Chiungutwa
Ninao, ila mshale uko kwenye nyekundu. Kesho naupeleka kujazwa.