Ushauri: nirudie msimu wa kwanza wa The Vampire Diaries na binti wa miaka 14, au nimwambie diski imekufa?

NyotaYaTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Likizo ya Juni binti wa dada yangu anakuja kukaa kwangu. Yuko kidato cha pili, ana miaka 14, na tangu aone vipande vya Damon huko TikTok hanipi raha: "Mama mdogo, si ulisema unayo yote?" Ninayo kweli. Msimu wa kwanza mzima, episodi 22, uko kwenye diski yangu tangu enzi za chuo.

Kwa wasiojua, hii tamthilia ni ya ndugu wawili mavampaya (wanyonya damu), Stefan na Damon Salvatore, na msichana wa shule, Elena. Ilianza Septemba 2009 kwenye kituo cha CW cha Marekani. Huku ilitufikia kwa CD za kuazimana, na hosteli ikagawanyika: timu Stefan huku, timu Damon kule. Mimi nilikuwa Damon, tena bila aibu.

Sasa nikasema nipitie kwanza mwenyewe kabla mtoto hajafika. Nimeishia ya tano na nimeanza kusita. Huyu Damon niliyekuwa namwona mtanashati, leo namwona jitu zima linaloitawala akili ya mtoto wa shule kwa kumkazia macho tu. Linamnyonya damu, linamtuma huku na kule, likimchoka linamtishia. Mtoto huyo ni Caroline, rafiki wa Elena: anajifunga skafu shingoni kuficha alama za meno, mama yake mzazi ndiye sherifu wa mji na haoni kitu. Na wakati wote huo Damon anapiga vichekesho, na mimi mtazamaji natakiwa nicheke naye.

Naombeni ushauri. Niruke hizo za mwanzo nianzie ya sita, pale Stefan anapomweleza Elena yeye ni nani? Nimwonyeshe zote? Na mliorudia karibuni, bado inashika, au ni sisi tu tulikuwa vijana?

Nawasilisha.

---

BandoLimeisha

Mwambie diski imekufa, halafu nitumie mimi hiyo diski.

---

Mzee wa Rimoti

Dada Nyota, mimi nina mabinti wawili, nitakujibu kama mzazi.

Kule kwao imewekewa alama ya TV-14, maana yake chini ya miaka 14 mzazi ashtuke. Binti yako yuko palepale mpakani. Mambo ya chumbani yapo ila yanakatwa mapema, kwa sababu CW ni kituo cha bure, si cha kulipia. Damu ipo nyingi. Lakini mimi kilichonifanya nikae sebuleni na wangu si damu wala chumbani. Ni Jeremy, mdogo wake Elena, na Vicki, msichana anayempenda, na vidonge vyao. Jeremy amefiwa na wazazi wote wawili kwenye ajali ya gari, anazima maumivu kwa bangi na vidonge, na hilo limeonyeshwa kwa kweli kuliko mambo yote ya mavampaya. Wanangu waliuliza maswali hapo.

Ushauri wangu: zote, ila mkae pamoja. Usimwachie rimoti ukaenda jikoni.

---

Kipanga

Mimi napingana na wengi hapa. Episodi tano za kwanza ni za kuvumilia. Ukungu unatokea tu makaburini, kunguru anamfuata Elena kila kona, shajara inasomwa kwa sauti ya huzuni. Tukumbuke Twilight ilikuwa imetoka sinema Novemba 2008, kila mtu alitaka kipande cha keki. Baadaye hata huyo kunguru na ukungu wakatupwa kimyakimya, hutawaona tena kama uwezo wa Damon. Yaani watunzi wenyewe walikuwa bado wanatafuta njia.

Tamthilia inaanza kuwa tamthilia ya saba, usiku wa Halloween. Vicki ameshageuzwa vampaya, anamrukia Elena, na Stefan anamchoma kigingi mbele ya Jeremy. Sisi tumezoea stelingi na watu wake hawafi, na huyu Vicki alikuwa mhusika mkuu kabisa tangu episodi ya kwanza. Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Ya nane wakamleta Lexi, rafiki wa Stefan wa miaka mingi, mcheshi, unampenda ndani ya nusu saa, na kabla episodi haijaisha Damon amemuua. Kasi ile tamthilia nyingi za leo hazina.

Mpe muhtasari wa mdomo, muanzie ya sita. Mtoto wa TikTok hatavumilia kunguru.

---

Zuhura wa Kisauni

Shoga yangu Nyota, usimsikilize Kipanga hata kidogo.

Ukiruka ya pili mpaka ya tano, unamruka Caroline. Na ukimruka Caroline, binti yako anakutana na Damon akiwa tayari ni mtu wa mizaha na macho ya bluu, hana deni na mtu. Huyo ndiye Damon wa TikTok! Vile vipande vimekatwa na watu waliokwisha kumsamehe.

Mwonyeshe zote na umwache aione ile skafu mwenyewe. Usimhutubie. Episodi ya nne, kwenye sherehe ya familia zilizoanzisha mji, Elena anaziona alama na michubuko mwilini mwa rafiki yake, anamfuata Damon na kumwambia ajitenge naye. Ona Caroline anavyojibu anapoulizwa: ana wasiwasi wa kumkasirisha aliyemuumiza. Nilipokuwa msichana nilipita hapo mbio nikisubiri Stefan na Elena. Sasa nafanya kazi na wasichana, najua wangapi wamenijibu vilevile, na hakuna hata mmoja aliyeumwa na vampaya.

Lawama yangu iko kwingine: baada ya hapo msimu wote unaendelea kana kwamba hayakutokea. Caroline hakumbuki sawasawa, wengine wanajua na wanakaa meza moja na Damon. Mpaka msimu wa pili ndipo anapopata kumwambia usoni kwamba anakumbuka.

---

BandoLimeisha

Dada Zuhura!! Wengine bado tuko msimu wa kwanza. Msitumwagie mchele.

---

Zuhura wa Kisauni

Mwanangu, imetoka tangu 2009 na iliisha Machi 2017 ikiwa na misimu minane. Ungali unasubiri nini?

---

NyotaYaTanga (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Dada Zuhura umenigusa. Ila kuna jambo sikuliweka juu, naona niliseme. Dada yangu, mama wa mtoto, ni mlokole. Mavampaya hayamsumbui, anasema hayo ni mambo ya wazungu. Shida yake ni uchawi. Bonnie, yule rafiki wa Elena aliye mchawi, na bibi yake wataniponza. Ni kweli uchawi umejaa kiasi gani msimu wa kwanza? Nimesahau.

---

Mwalimu Nusu

Umejaa, dada, tusidanganyane. Unaanza kwa utani, Bonnie anadhani ana kipaji cha kubashiri tu. Ikifika ya nane anamwonyesha Elena manyoya ya mto yakielea hewani. Ya tisa mzimu wa Emily, mchawi wa kale wa ukoo wake, unamwingia mwilini kabisa. Hiyo ya tisa ndiyo itakayokuletea simu usiku.

Usimfiche dada yako. Mtoto wa miaka 14 akirudi nyumbani lazima ataropoka, na hapo kesi si ya Bonnie tena, ni yako. Mpigie kabla, mwambie kuna hiki na hiki, aamue yeye. Akikataa, kubali.

---

Chausiku88

Mwalimu kasema vyema, lakini mimi nina neno kuhusu huyo Bonnie, kwa sababu ndiye aliyenirudisha kwenye msimu wa kwanza mwaka huu.

Kwenye vitabu vya L. J. Smith, vilivyoanza kutoka 1991, Bonnie ni msichana mzungu mwenye nywele nyekundu. Kevin Williamson na Julie Plec walipoileta kwenye runinga wakamfanya Bonnie Bennett, msichana mweusi wa ukoo wa wachawi, akaigiza Kat Graham. Nilifurahi sana wakati ule. Hatimaye mmoja wetu ana nguvu kuliko hao ndugu wawili.

Sasa rudi uangalie kazi anazopewa. Mji ni Mystic Falls, Virginia. Mambo ya kale yote yanarudi 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Virginia ilikuwa upande wa Kusini, upande uliopigana kubakiza utumwa. Damon mwenyewe alilitumikia jeshi hilo. Emily, bibi wa mabibi wa Bonnie, yumo mle nyumbani kama mtumishi wa Katherine, vampaya aliyependwa na ndugu wote wawili. Ndiye anayetengeneza pete zinazowawezesha akina Salvatore kutembea juani. Ndiye anayewafungia mavampaya chini ya kanisa wasife. Na utumwa wenyewe? Hausemwi. Magauni mazuri, farasi, bustani, watu wanacheza dansi. Mji mzima unasherehekea waanzilishi wake mwaka mzima na hakuna anayeuliza nani alilima mashamba yao.

Kisha njoo episodi ya 14. Bonnie na bibi yake wanafungua lile kaburi la chini ya kanisa ili Damon amchukue Katherine wake aliyemngoja miaka 145. Katherine hayumo, hakuwahi kuwemo. Bibi anarudi nyumbani amechoka kwa ule uchawi, anajilaza, haamki. Amekufa kwa ajili ya mapenzi ya mwanaume aliyekuwa amewatishia. Na baada ya hapo kila mtu anamhurumia... Damon.

Simwambii mtu asiangalie. Jasmine Guy kama bibi ni burudani tupu, kila anapotokea. Lakini kama binti yako atauliza kwa nini Bonnie ndiye anayelipa kila mara, usimwambie "ni filamu tu".

---

Kipanga

Chausiku, hapo umenifunga mdomo. Ile ya 14 niliiona zaidi ya mara moja na kila mara nilikuwa nafikiria Katherine tu.

---

Mzee wa Rimoti

Hakuna aliyemtaja Jenna jamani? Jenna ni mdogo wake marehemu mama yao Elena. Yaani ni mama mdogo, kama wewe Nyota. Ana masomo yake ya chuo hayajaisha, ghafla ana watoto wawili wa dada yake wa kulea. Shuleni anaitwa, anasomewa makosa ya Jeremy na mwalimu asiye na adabu. Halafu nyumba nzima inajua kuhusu mavampaya isipokuwa yeye, kisa eti wanamlinda. Nilipoangalia mara ya kwanza sikumwona. Mara hii nilikuwa namwonea huruma yeye kuliko Elena.

---

NyotaYaTanga (mwanzisha uzi)

Mzee, umenimaliza 😂 Sikuwahi kumfikiria Jenna hata siku moja, nami ndiye yeye.

Mrejesho: nimempigia dada. Tumezungumza kirefu. Amekubali kwa sharti mbili: tusiangalie usiku, na ile ya tisa niiruke. Nimemwambia ukiruka ya tisa haieleweki lile kaburi limetoka wapi. Akasema, "Si utamsimulia wewe? Mdomo huna?" Basi, nitamsimulia.

Kunguru na ukungu tunavianza hivyohivyo, Kipanga unisamehe. Swali la mwisho: msimu una kama saa 15, likizo ni fupi na ana masomo ya ziada. Tukishindwa kumaliza, tusimame wapi ambapo hatanililia?

---

Kipanga

Ya 14, bila kufikiri. Swali la kaburi limejibiwa, unaweza kupumua. Usisimame ya kumi, inaishia Elena ameona picha ya Katherine, wamefanana kama mapacha, anatoka mbio na gari linapinduka. Na ya 22 usimwonyeshe siku ya mwisho ya likizo. Katherine anaingia kwa sura ya Elena, anamkata vidole John, ndugu wa marehemu baba yao Elena, basi, imeisha. Atataka wa pili usiku huohuo.

---

Zuhura wa Kisauni

Mimi ningefika ya 20, wanapoonyesha jinsi hao ndugu walivyogeuka. Pale ndipo unapojua Damon hakutaka kuwa vampaya, Stefan ndiye aliyemlazimisha. Mtoto amjue Damon pande zote mbili, kisha achague timu yake.

---

BandoLimeisha

Kwa hiyo Katherine hayumo kaburini?