Fedha za asilimia 10 za halmashauri: ni ruzuku au mkopo?

Swali: Ndugu zangu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wanawake wa Tukuyu tunaokusanya parachichi, na tunatafuta mashine ya kukamua mafuta ili yale yaliyochubuka, ambayo wanunuzi huyakataa, yasiendelee kuozea chini ya miti. Je, fedha za asilimia 10 za halmashauri ni ruzuku?

Jibu la kwanza: Hapana, dada. Ni mkopo usio na riba unaotokana na mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo bado linaniuma. Kikundi chetu cha Uyole kiligawana sehemu ya fedha kabla ya kununua mashine, na marejesho yakatushinda. Pateni kwanza bei ya mashine kwa maandishi, kisha mlipeni muuzaji moja kwa moja.

Muulizaji: Asanteni sana. Jumatatu tunakwenda kata na daftari letu la mauzo.