Dozi imeisha, mgonjwa bado mchovu: tuongeze antibaiotiki?

MTOA MADA, Arusha
Wakuu, salaam. Kuna jambo limeigawa familia yetu hapa Sakina.

Shemeji yangu wa kike alikuwa masomoni Ujerumani, akang'atwa na kupe huko. Ugonjwa wa Lyme, wa bakteria wanaoletwa na kupe, ukamwingia hadi mishipa ya fahamu: uso ukapooza upande mmoja, usiku mgongo unawaka. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakathibitisha, wakamchoma seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano, wiki tatu. Uso umerudi. Sasa yuko nyumbani, anachoka mapema, anasahau, usingizi wa mang'amung'amu. Zahanati moja imempima damu, imekuta kingamwili za Lyme (chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria), inasema bakteria bado wamo, atundikiwe dripu miezi mitatu. Mama mkwe keshaanza kukusanya hela.

Mimi napinga. Kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu miaka na miaka baada ya bakteria kufa, kwa hiyo kipimo hicho hakiwezi kusema kama amepona au la. Na hiyo dozi ndefu imeshajaribiwa. Mwaka 2016 Waholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 280 waliobaki na dalili: waliomeza dawa wiki 12 zaidi hawakupata nafuu kuliko waliomeza vidonge bandia. Halafu mpira ukikaa mshipani miezi, maambukizi huingia nao. Marekani wapo waliokufa kwa matibabu hayohayo.

Sisemi anajifanya. Neva ikiumia hupona kwa mwendo wake, miezi, wengine hata mwaka unapita. Swali langu: dripu za namna hii zipigwe marufuku, au mtu aachiwe aamue kwa hela yake?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Lyme Arusha? Wafugaji wanalala na kupe toka enzi za mababu, mbona hatujaisikia?

MTOA MADA
Ndiyo maana nimesema Ujerumani. Kupe wa Lyme ni wa misitu ya kule. Sisi tuna homa ya papasi, bakteria wa ukoo mmoja, ugonjwa mwingine.

MCHANGIAJI WA PILI, Moshi
Mkuu, hao Waholanzi umewasoma nusu. Wote 280 walianza kwa kuchomwa seftriaksoni wiki mbili, ndipo wakagawanywa makundi. Hapo huwezi kusema kuongeza dawa hakusaidii kabisa. Halafu wewe unasoma wastani. Dada wa watu analala saa nane mchana.

MTOA MADA
Hoja ina uzito. Basi chukua utafiti wa Marekani wa 2001, watu 129 waliokwisha kutibiwa: wengine siku 30 za seftriaksoni ya mshipani na siku 60 za vidonge vya antibaiotiki ya doksisaiklini, wengine dripu tupu na vidonge bandia. Hawakutofautiana. Na katika makundi yote mawili wapo waliopata nafuu, jambo ambalo mwenye zahanati angejisifia.

MCHANGIAJI WA TATU, famasi, Moshi
Novemba tunavaa fulana za kampeni ya usugu wa dawa, Desemba tunauza seftriaksoni bila cheti, tena kwa mafua. Marufuku ipi itashikwa?

Ila mimi naogopa kitu kingine. Utafiti wa hapahapa Moshi uliochapishwa 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Walioandikiwa malaria ni 528. Waliokuwa nayo kweli, 14. Jina la ugonjwa likishabandikwa, hakuna anayetafuta zaidi. Huyo dada kapimwa wingi wa damu? Tezi ya shingo? Kuna aliyemuuliza kama ana sonona? Yawezekana uchovu wake hauna uhusiano na yule kupe.

MCHANGIAJI WA PILI
Hapo nakubali. Vipimo kwanza. Lakini vikirudi safi, msimwambie ni mawazo yake.

MCHANGIAJI WA NNE, fiziotherapia, Arusha
Naona wagonjwa wa neva kila siku. Wenye kupooza uso kwa Lyme wengi hurudi vizuri, na Denmark mwaka 2018 walionyesha, kwa watu zaidi ya 2,000, kwamba miaka mitano baada ya Lyme ya mishipa ya fahamu walikuwa kazini karibu sawa na wenzao. Kinachowavunja ni miezi ya mwanzo. Mwajiri akiona uso umenyooka anasema umepona, rudi zamu kamili. Mtu anajilazimisha Jumatatu, Jumanne hadi Alhamisi yuko kitandani, kisha familia inasema ugonjwa umerudi na kukimbilia dripu. Anatakiwa mazoezi ya kupanda taratibu, usingizi wa saa zilezile, kazi nusu siku.

Mwambie mama mkwe hela anazochangisha za dripu zimlipie binti miezi mitatu ya kufanya kazi nusu siku. Uone nani atachanga.