Jarida la imeili siyo bango la harusi, tuandikieni MANENO jamani

Wakuu habari za saa hizi. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo, mtanisamehe.

Mimi nafuga kuku wa mayai huku Kibaha, na nipo kwenye chama kimoja cha wafugaji (jina nalihifadhi) ambacho kila Jumatatu kinatutumia jarida kwa imeili, bei za chakula, ratiba ya chanjo ya kideri, oda za vifaranga. Zamani yalikuwa yanakuja maneno matupu, katibu anaandika "oda za vifaranga mwisho Alhamisi saa kumi, piga namba hii" basi, unasoma mkono mmoja umeshika ndoo ya maji, kazi imeisha. Sasa wamepata dizaina.

Tangu apatikane huyo dizaina jarida zima ni picha MOJA. Yaani siyo maneno yenye picha pembeni, hapana, kila kitu mpaka tarehe na namba ya simu vimechorwa humo humo ndani ya picha na juu kuna jogoo anacheka. Wiki mbili zilizopita nimefungua nikiwa bandani, mtandao huku ni kudra za Mungu, naona boksi jeupe na kaduara kanazunguka. Nikasema ntaangalia usiku. Usiku bando limekata. Kuja kufungua Ijumaa asubuhi oda zimefungwa jana yake, vifaranga 300 vimenipita hivi hivi na banda nilishapuliza dawa, maranda nimeshamwaga, vyombo vya maji nimeosha vinaniangalia tu.

Picha yenyewe ina MB 3. Na ikibandikwa ndani ya imeili huwa inageuzwa herufi kwanza ndo isafiri, inanenepa kwa theluthi hivi, kwa hiyo tunavuta kama MB 4 kusoma maneno ambayo yangekaa kwenye KB 2! Namba ya simu huwezi kuikopi wala kuibonyeza. Ukitafuta neno "vifaranga" kwenye imeili zako jarida haliji. Na tunaye mzee mmoja kwenye chama haoni, simu ndo inamsomea, ananiambia kila Jumatatu simu inasema "picha" halafu inanyamaza.

Najua kuna mtu atakuja kusema haya mambo ya kizamani. Mkuu, sijasema imeili ya kurembwa ni haramu, hata mimi jedwali la bei za pumba na mashudu napenda likae vizuri kwenye mistari yake. Ila tangu 1992 kuna utaratibu wa kutuma imeili moja yenye sura mbili ndani, moja maneno matupu, nyingine ya kurembwa (siku hizi ni HTML, lugha ile ile ya kurasa za mtandaoni) yenye rangi zake, halafu programu ya msomaji inachagua yenyewe ionyeshe ipi. Siyo teknolojia ya mwezini. Nikaenda kwenye kompyuta nikafungua chanzo cha imeili, yaani maandishi yake ghafi kabla hayajapangwa, nione kwenye sura ya maneno wameweka nini. Mstari mmoja tu: "Tazama jarida hili kwenye brauza". Na kuna mtu amelipwa kwa hilo.

Sasa kilichonichefua kabisa. Nampigia katibu kulalamika ananijibu "kaka, mfumo unaonyesha wewe majarida yetu hufungui". Kumbe wameweka na kale kapicha kasikoonekana, kanakaa kwenye seva yao, ukifungua imeili kanashushwa wao wanakuhesabu. Mimi simu yangu nimeiseti isishushe picha za nje bila ruhusa, nabana bando, basi kwao nipo kwenye orodha ya wavivu. Wakati wenye iPhone, tangu 2021, programu ya Mail ukiiruhusu inavuta kapicha hako yenyewe hata kama imeili hujaigusa. Kwa hiyo mtu wa mjini asiyefuga hata njiwa anahesabika msomaji mzuri, mimi niliyekosa vifaranga naambiwa sisomi!!

Nikamwomba basi mnitumie hata meseji ya kawaida. Akasema atalifikisha kwa dizaina.

Jumatatu hii limekuja lingine. Picha tena. Jogoo safari hii kavaa miwani, na mwisho wa oda nimeutafuta dakika tano nzima, kumbe uko chini ya mkia wake, maandishi ya njano juu ya nyeupe.