Mguu wa mashine Goma: tuchange ama tusichange?

Baba Himbi: Ndugu zetu wa diaspora wanaomba tuchangie mguu wa mashine, aina ya ReWalk, kwa waliopooza. Unavaliwa kiunoni hadi nyayoni, mota zinakunja nyonga na magoti. Marekani waliuruhusu utumike nyumbani mwaka 2014. Bei ni makumi ya maelfu ya dola. Munasemaje?

Mama Ndosho: Aliyeleta wazo hilo ameshapita Majengo? Njia mawe ya volkano matupu! Mashine yenyewe inataka sakafu, na magongo bado unayashika.

Mwalimu Katindo: Mama, Claire Lomas, yule Mwingereza aliyepooza, alimaliza marathoni ya London nayo mwaka 2012.

Mama Ndosho: Kwa zaidi ya wiki mbili, Mwalimu. Na London hakuna lava.

Kijana Birere: Munajichosha bure. Wenyewe hawaitaki. Wale wa Petite Barrière, pale mpakani na Rwanda, na kinga zao, baiskeli za magurudumu matatu, wakisimama watapakia magunia wapi? Ulemavu ni biashara.

Kinga Tatu: Rudia. Miye polio ilinikuta mtoto. Hiyo kinga njo inalipa minerval, karo ya shule, ya batoto bangu. Weye unalipa ya nani?

Kijana Birere: Papa, sikukutaja.

Mama Ndosho: Umemtaja. Omba radhi.

Kijana Birere: Nimesema biashara, si wizi. Sisi tunapanga mstari mpakani toka asubuhi, wao wanapita mbele. Si kweli?

Kinga Tatu: Mbele ya nani? Mvua ikinyesha magurudumu yanazama, njo munapita mukicheka.

Mwalimu Katindo: Turudi kwenye mada. ReWalk ilitengenezwa kwa walioumia uti wa mgongo na mikono yao bado ina nguvu. Hata Amit Goffer aliyeibuni hakuweza kuitumia, maana yeye amepooza na mikono pia. Kwa hiyo tuulize: Goma itamfaa nani, na ikiharibika fundi atatoka wapi?

Mzee Virunga: Mwalimu, acha fundi. Huyu kijana ni wa nani? Siku hizi watoto wanajibu wakubwa hivi?

Kijana Birere: Mzee, nina miaka 34.

Mzee Virunga: Na radhi bado hujaomba.

Kinga Tatu: Radhi yake siitaki. Kesho niko Petite Barrière na viazi. Akuje anisukumie mpaka Birere, alafu aniambie ni biashara gani.

Kijana Birere: Unalipa ngapi?